Likizo yangu na ma-CD ya Ba'mdogo

Najua nimepotea. UE zilinibana, halafu siku ileile niliyomaliza pepa la mwisho nikabeba begi nikapanda basi la kuteremka Kitonga. Boom lilishaisha zamani, na Iringa ukiwa huna hela baridi inaongezeka mara mbili. Sasa niko nyumbani Ruaha Mbuyuni, wiki ya tatu hii. Joto la huku mnalijua mliowahi kupita: unaoga, unajifuta, na kabla hujamaliza kujifuta umeshaloa tena. Mibuyu imesimama tu inatutazama.

Wenzangu wa chumbani wameshanicheka kwenye simu. Mmoja yuko Dar anakula bata, mwingine yuko Makambako anasaidia duka la dada yake, mimi naandika daftari la Star Trek. Ndiyo, Star Trek, ule mchezo wa Kimarekani wa chombo cha anga kinachoitwa Enterprise, wenye yule jamaa wa masikio yaliyochongoka. Ulianza kuoneshwa 1966 ukaisha 1969, sizoni tatu, episodi 79. Halafu ukazaa watoto na wajukuu. The Next Generation peke yake ina episodi 178, kuanzia 1987 hadi 1994, na mpaka miaka hii ya 2020 walikuwa bado wanatoa mipya. Mimi nahangaika na ile ya babu yao tu, na hiyo tu imetosha kunitoa jasho.

Ngoja nieleze ilivyoanza.

Ba'mdogo wangu, aliyenilea, alikuwa na kibanda umiza hapa Mbuyuni kuanzia 2005 mpaka 2013. Mabati, mabenchi ya mbao, tivii moja ya mgongo mkubwa, deki, na jenereta la kufunga kwa kamba. (Jamani, mto Ruaha huu huu unafua umeme Mtera kule juu, unapita mbele yetu, unaenda kufua tena Kidatu kule chini, na sisi katikati hapa kibandani tunavuta kamba ya jenereta.) Kiingilio shilingi 100, watoto 50, na watoto wa ukoo bure ila wanakaa chini. Ma-CD aliyapata kwa madereva wa malori ya Tunduma. Wengine waliuza, wengine walilipia deni la chakula kwa mama mdogo, ambaye alikuwa na banda la mama ntilie pale yanapoegeshwa malori. Ndiyo maana muvi zetu zilikuwa hazina mpangilio wowote. Leo Rambo, kesho harusi ya Kihindi, keshokutwa Enterprise.

Kibanda kilipokufa, CD zikaingia kwenye boksi la mafuta ya kula na kukaa juu ya kabati miaka yote. Sasa Ba'mdogo ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwenda, la kulia anaona mwanga na vivuli. Shambani haendi tena, vitunguu anakodisha watu. Anashinda ndani na redio, na jioni anamwita mtoto wa jirani, yuko darasa la tano, amwekee CD asikilize. Mtoto anaweka yoyote. Ba'mdogo anataka Star Trek, anawekewa kwaya. Analalamika, mtoto anatoa, anaweka nyingine, ni ngumi za Wachina.

Basi siku ya pili tangu nifike, nimempa shikamoo ya asubuhi, akaniambia: "Mwalimu, wewe si unasoma kupanga vitu? Nipangie. Niandikie kipi kipo wapi, mtoto asome, mimi nichague." Anapenda kuniita mwalimu tangu nilipochaguliwa ualimu, hata kabla sijaingia darasani siku moja.

Nikadhani kazi ya siku mbili. Teh!

CD za Star Trek zilikuwa 11, zile za kuchoma mtaani, zimesongwa episodi tano sita kwenye sahani moja. Ba'mdogo mwenyewe aliziita CD za lumbesa, na mkulima wa vitunguu akisema lumbesa ujue ana uchungu nalo. Juu zimeandikwa chochote. Moja imeandikwa Star Wars, ambayo ni kitu kingine kabisa na mashabiki wanaweza kukupiga. Moja ina picha ya Arnold Schwarzenegger. Nikazipitia zote kwa deki, dakika za mwanzo za kila episodi. Nilizopata zinazocheza ni 61. Kumi na nane hazipo.

Halafu likaja suala la mpangilio. Unadhani unaanza na ya kwanza unamaliza na ya mwisho. Ya kwanza ipi? Wenyewe walitengeneza episodi ya majaribio, The Cage, ikakamilika 1965, yenye nahodha mwingine kabisa anayeitwa Pike. NBC wakaikataa, wakaagiza jaribio lingine. Hilo la pili, Where No Man Has Gone Before, likakubaliwa, lakini hewani likaja kuwa la tatu, tarehe 22 Septemba 1966. Iliyotangulia kuoneshwa ni The Man Trap, tarehe 8 Septemba. Na ile The Cage hawakuitupa, waliifanya kiporo: wakaikatakata wakaipachika ndani ya The Menagerie, sehemu mbili za Novemba 1966. Yenyewe nzima watu waliiona kwenye tivii mwaka 1988! Ukisema ufuate zile tarehe za nyota anazosoma Kapteni Kirk kwenye kumbukumbu zake, ndiyo unapotea kabisa, maana zinarukaruka, ya baadaye ina namba ndogo kuliko ya nyuma.

Nikajitengenezea alama zangu. Ukimsikia kijana wa Kirusi, Chekov, ujue uko sizoni ya pili au ya tatu, ya kwanza hayumo. Ukikuta daktari siye McCoy na dada wa mawasiliano hayupo, hilo ndilo jaribio la pili. Nilivyokuwa naandika hivi vijialama kwenye vikaratasi na kuvitandaza kitandani nikajiona nimegundua kitu, kumbe kuna waliotangulia. Dorothy Jones alikuwa anaandika habari za kila episodi kwenye vikadi, na Bjo Trimble akazihariri ikatoka Star Trek Concordance mwaka 1969, kitabu kilichotolewa na mashabiki wenyewe. Kampuni ya Ballantine ilikuja kukichapisha 1976. Fikiria, 1969, majumbani watu hawana deki. Ikipita imepita. Na Bjo Trimble huyohuyo na mumewe ndio walioongoza kampeni ya kuandika barua NBC ili sizoni ya tatu ipatikane. Siku hizi kuna Memory Alpha kwenye intaneti, ilianza 2003, ina kila kitu mpaka majina ya wapita njia. Nimeitumia sana kwa vifurushi vya usiku. Ila ni Kiingereza, mtoto wa darasa la tano hawezi kumsomea Ba'mdogo, na mtumiaji wangu haoni. Kwa hiyo nikaongeza safu ambayo nadhani wale mabibi hawakuwa nayo: "Unasikia nini mwanzoni". Mfano: CD ya 4, ya pili, wachimbaji madini wanaongea pangoni kwa woga. Na kwenye kila mfuko wa CD nimetoboa matundu kwa sindano ya gunia, CD ya 1 tundu moja, CD ya 5 matundu matano. Ya 10 ina tundu moja kubwa, na ya 11 ina kubwa na dogo. Amezipapasa akazipanga mwenyewe mezani bila kukosea, nikasikia raha kuliko siku nilipopata A ya kwanza.

Nilipoanza kumsomea majina ndipo ugomvi ulipoanza. Nilikuwa nimeyatafsiri vizuri tu, kwa Kiswahili cha darasani. Akanikatiza. "Hiyo siyo Shetani Gizani. Hiyo ni Mama Jiwe. Mtu yeyote hapa Mbuyuni anajua Mama Jiwe." Ya mjusi anayepigana na Kirk jangwani, Arena kwa jina lake, ni Kenge. The Man Trap, yule kiumbe anayefyonza chumvi mwilini mwa watu mpaka wafe, ni Mumiani wa Chumvi, na nakumbuka mwenyewe tulivyokuwa tunakimbia gizani kurudi nyumbani baada ya hiyo. Amok Time, Spock anaporudi kwao kuoa, ni Harusi ya Masikio. Nikakubali, majina yake yakaingia safu ya kwanza, ya Kiingereza yakaenda pembeni.

Lakini jina ni kitu kimoja. Hadithi zenyewe je?

Lazima mjue Ba'mdogo alikuwa anatafsiri. Enzi hizo nchi nzima ilikuwa na Lufufu, Derek Mukandala, anayeingiza sauti yake juu ya muvi za nje. Mbuyuni tulikuwa na wa kwetu, anasimama pembeni ya tivii na fimbo. Ba'mdogo aliishia darasa la saba. Kiingereza chake ni cha kuulizia bei. Sasa mimi nimekaa na CD hizi na Kiingereza changu cha chuo (nacho kina matobo, tusidanganyane) na nagundua nusu ya niliyoyajua hayapo. Kwenye Harusi ya Masikio alituambia ugomvi ulitokana na mahari kutokamilika. Hakuna mahari! Bibi harusi hamtaki Spock, ana mtu wake, na kwa ujanja anamchagua Kirk apigane naye. Kwenye Mama Jiwe, Spock anapoweka mikono juu ya lile jiwe na kuanza kulia kwa maumivu, Ba'mdogo alitangaza kuwa Masikio amepandisha, mashetani yanasema kwa kinywa chake. Hapo sasa, ukiniuliza mimi, hakuwa mbali. Mama amekuja juu kwa sababu wachimbaji wanavunja mayai yake wakidhani ni mawe, na anahitaji kinywa cha kusemea.

Nikagawa ukurasa. Upande mmoja "Kwenye CD", upande mwingine "Mbuyuni". Nilifanya hivyo kwa kuchekesha tu mwanzoni.

Nitoke kidogo nje ya njia hapa, maana kuna kitu kimenikaa. Yule dada wa mawasiliano anaitwa Uhura. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, aliyefariki 2022, alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru, cha 1962, kuhusu Kenya. Mwenye mchezo, Gene Roddenberry, akalipenda neno, wakalilainisha likawa Uhura. Baadaye akapewa na jina la kwanza, Nyota, likatamkwa hadharani kwenye filamu ya 2009. Uhuru na Nyota! Sisi tulikuwa na uhuru wetu tangu 1961, lakini tivii Bara tulikuja kuipata 1994. Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini, tena yao ya rangi. Kwa hiyo neno letu lilikuwa linazunguka angani miaka yote hiyo na huku Bara hakuna wa kuliona. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na siku kumi na moja baadaye Wamarekani walikuwa wanamwona Khan kwa mara ya kwanza kwenye Space Seed. Hiyo nimeiweka kwenye daftari, haina faida yoyote kwa Ba'mdogo, ni mwanahistoria ndani yangu anawashwa.

Sasa kuna episodi ya 29 Septemba 1967, The Changeling. Mashine inayoruka, Nomad, inamsikia Uhura anaimba, haielewi kuimba ni nini, inamfuta kumbukumbu zote. Inabidi afundishwe upya kama mtoto, kusoma kwa kutaja herufi, na muuguzi Chapel amekaa naye kitandani. Anakwama kwenye neno, anakasirika, na kinachomtoka ni Kiswahili. Muuguzi anamrudisha kwenye Kiingereza. Mkiuliza kama kumbukumbu zote zimefutwa hicho Kiswahili kimetoka wapi, nadhani mwandishi hakufika huko. Lakini mimi niliisimamisha hapo nikarudia mara nne. Nikajikuta kidato cha kwanza, shule sitaitaja, tumetoka darasa la saba tukijua kujieleza vizuri kabisa, ghafla ukiongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni na unatembea nacho mpaka umkamate mwenzio. Muhula mzima nilikuwa bubu. Nilijua jibu la swali la jiografia, nililijua, nikakaa kimya. Na mwakani naenda TP, nitasimama mbele ya watoto wa hivyohivyo na somo la historia kwa Kiingereza, na mkaguzi amekaa nyuma na fomu yake. Nitamrudisha mtoto kwenye Kiingereza kama Chapel? Sijui wadau. Ninyi mliokwisha kwenda TP mtaniambia mlifanyaje, ukweli lakini, siyo mlichoandika kwenye ripoti.

Nilimuuliza Ba'mdogo hiyo alikuwa anaitafsirije. Akacheka sana. "Hiyo sikuitafsiri. Pale nilinyamaza. Watu walisimama kwenye mabenchi." Aliwaambia wateja kuwa dada huyo ni mtu wa Ilula, alisoma misheni. Nikamwambia siku hizi, kwenye Strange New Worlds iliyoanza 2022, wameshasema kwao ni Kenya. Akasema Wakenya wamewahi.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike yote haya.

Ili kujaza upande wa "Mbuyuni" sikutaka kumtegemea Ba'mdogo peke yake, nikawa naulizia wateja wa zamani. Wapo wengi. Mmoja ni bodaboda, mmoja ana genge la vitunguu barabarani, mmoja ni fundi baiskeli. Watu wazima hawa wana kumbukumbu ya ajabu, wanakuigizia na sauti ya chombo kikifungua mlango. Wanakubaliana karibu kila kitu, mpaka tulipofika CD ya 7, episodi ya tatu. The City on the Edge of Forever, ya tarehe 6 Aprili 1967, iliyoandikwa na Harlan Ellison. Kwa Ba'mdogo inaitwa Mama wa Supu.

Kwa kifupi: Daktari McCoy anajichoma dawa kwa bahati mbaya, anapata wazimu, anaruka ndani ya lango la wakati, na ghafla historia yote imebadilika, chombo chao hakipo. Kirk na Spock wanamfuata mpaka New York mwaka 1930, wakati wa ule mdororo wa uchumi. Huko wanapokewa na mwanamke anayeitwa Edith Keeler, anayelisha supu watu wasio na kazi. Kirk anampenda. Spock anachunguza anagundua kwamba historia ili irudi sawa, huyo mama lazima afe. McCoy alimwokoa, na kwa kumwokoa akaharibu kila kitu kilichofuata, mpaka vita vya Hitler vikaisha vibaya.

Fundi baiskeli akasema: "Halafu Kapteni akamchukua wakaondoka naye kwenye chombo." Mimi pia nilijua hivyo. Nakumbuka nikiwa mdogo nimelala nikiwaza yule mama atapikia wapi supu kule angani.

Bodaboda akasema: "Acha uongo. Alikufa. Aligongwa."

Wakabishana mpaka wakataka kuwekeana dau la soda. Nikadhani mmoja kachanganya na muvi nyingine. Nikauliza wengine, huyu anasema kafa, huyu anasema kaondoka. Nikaanza kuuliza, kama tunavyofundishwa kwenye mbinu za utafiti, uliiona lini? Ulikuwa darasa la ngapi? Ulikuwa umeoa? Na jibu likajipanga lenyewe kwenye karatasi. Wote walioiona mwanzoni mwanzoni, 2007, 2008, wanasema kafa. Wote walioiona baadaye wanasema kaondoka.

Mama mdogo aligongwa na lori mwezi wa nane 2009, anavuka barabara kuu na ndoo ya sahani. Mimi nilikuwa na miaka sita.

Ba'mdogo alikuwa ameniambia tangu siku ya kwanza: "CD ya saba, ya tatu, hiyo imekwaruzika, andika haina mwisho." Nikaandika haina mwisho. Nami wakati wa kupitia niliangalia zile dakika za mwanzo tu, chombo kinatikiswa, Sulu anaumia, nikasonga mbele. Usiku ule alipolala nikaiweka na sauti nimeibana. Inacheza. Haina hata mkwaruzo. Edith anavuka barabara, lori linakuja, McCoy anataka kukimbia amwokoe na Kirk anamshika, anamkumbatia kwa nguvu asiende, macho ameyafumba. Breki zinasikika. Basi.

Fundi baiskeli alinisimulia baadaye kwamba kila ilipokaribia mwisho jenereta lilikuwa linazimika, mafuta yameisha, na Ba'mdogo anamalizia kwa mdomo gizani. Walizoea. Hakuna aliyewahi kudai hela yake.

Nilikaa na hilo siku mbili. Daftari lilikuwa limebakiza kumsomea tu. Nikawaza niache vilevile, haina mwisho, nani ataumia? Lakini mtoto wa jirani siku moja ataiweka CD ya saba iendelee yenyewe mpaka mwisho, na Ba'mdogo haoni tena kitufe cha kuzimia kilipo. Atasikia zile breki bila mtu kumwambia zinakuja.

Jioni ya Alhamisi tukakaa nje, upepo wa mtoni umeanza kidogo, nikamsomea kuanzia CD ya kwanza. Anacheka, anasahihisha, anataka niongeze majina ya walioanguka benchi siku ya Kenge. Tukafika CD ya saba. Ya kwanza, ya pili. Nikasimama.

"Ya tatu," akasema.

"Ya tatu, Mama wa Supu. Unasikia chombo kinatikisika, watu wanapiga kelele."

Kimya.

"Uliitazama?"

"Ndiyo, baba."

"Inacheza?"

"Inacheza mpaka mwisho."

Lori la mafuta likapita barabarani, hatukuongea mpaka limevuka daraja. Halafu akauliza, "Kapteni anasemaje pale mwishoni? Mimi sikuwahi kumwelewa." Nikamwambia hasemi kitu cha maana. Wanarudi kwenye lango, wenzao wanawauliza, yeye anaamuru tu waondoke mahali pale. "Hivyo tu?" Hivyo tu, nikasema. Akatikisa kichwa. "Mimi nilidhani anasema maneno marefu."

Akaomba maji. Akanywa. Akasema, "Endelea, ya nne."

Hakuniambia nifute, hakuniambia niandike. Nimeandika pande zote mbili. Kwenye CD: anavuka barabara, anagongwa na lori, anakufa. Mbuyuni: wanaondoka wote kwenye chombo. Chini yake, kwa ajili ya mtoto wa jirani, kwa herufi kubwa: USIWEKE HII KABLA HUJAMUULIZA BABA. Na kitufe cha kuzimia kwenye deki nimekibandika punje ya mchele kwa gundi, akipapasa anakipata.

Jana nimesikia amemwita mtoto akaomba CD ya saba. Nikaacha kuosha vyombo. Akaomba ya tano, ya wale Waklingoni. Sawa.

Basi, Jumapili napanda basi kurudi, matokeo nayo yanakuja na mimi kuna kozi moja ya saikolojia siilali usingizi. Zile kumi na nane zilizokosekana bado nazitafuta. Hasa The Trouble with Tribbles, ambayo Ba'mdogo aliisikia kwa dereva mmoja tu na miaka yote anatamani, na Turnabout Intruder, ile ya mwisho kabisa ya Juni 1969. Mwenye nazo kwenye flashi au eksteno anitafute, niko bweni lilelile. Nitakupa vitunguu. Siyo lumbesa lakini.